SOMO LA 17: HEWA INAYOBEBA GARI

Siku utakayosafiri, fika kituoni alfajiri, kabla injini hazijaanza kunguruma, umtazame utingo wa lori akifanya kazi yake. Utamwona ameshika nyundo au kipande cha bomba la chuma. Hulizunguka lori akigonga kila tairi pigo moja, kisha husikiliza. Tairi zuri hutoa mlio mkali, na nyundo hurudishwa kwa nguvu. Afikapo nyuma, mahali ambapo matairi yamefungwa mawili mawili, hugonga la nje, halafu hupenyeza bomba na kugonga la ndani. Siku moja mlio wa tairi la ndani ulikuwa mzito, kama wa mtu apigaye gunia la pumba.

"Mzee," utingo akamwita dereva, "hili la ndani halina upepo."

"Mbona jana jioni nililiona limesimama vizuri?"

"Limesimamishwa na mwenzake."

Jibu la utingo huyo lilikuwa la kisayansi. Matairi mawili yaliyofungwa pamoja husaidiana kubeba mzigo. Moja likiisha hewa, la pili hubeba mzigo wote, na kwa macho utadhani yote mawili ni mazima. Lakini lile zima sasa limebebeshwa mara mbili ya kiasi chake, na lile bovu linasagwa na kusuguliwa kila lizungukapo. Safari ikiwa ndefu, la kwanza huweza kupasuka, na la pili huweza kupata joto hata likawaka moto.

Katika somo hili utajifunza kwa nini gari halibebwi na mpira, bali na hewa; kwa nini mzigo unaopangwa vibaya hupindua lori; na jambo la kufanya endapo gari ulilopanda litaharibika njiani.

Nini kinachobeba gari?

Watu husema kwamba tairi "limejazwa upepo". Katika sayansi, upepo ni hewa inayokwenda. Iliyomo ndani ya tairi haiendi popote. Imeshindiliwa humo na pampu, nayo husukuma kuta za tairi kutoka ndani pande zote. Nguvu hiyo ya kusukuma, ikipimwa kwa kila sentimita moja ya mraba, huitwa kanieneo. Tufanye jaribio.

Jaribio la 1

Vifaa: baiskeli, pampu, maji yenye udongo mwekundu, na karatasi mbili za daftari la hesabu lenye miraba.

Jaza hewa katika gurudumu la nyuma mpaka liwe gumu. Lipake maji ya udongo sehemu ya chini. Mwanafunzi mmoja aketi juu ya tandiko, na wawili waishike baiskeli isianguke. Inyanyueni kidogo, wekeni karatasi chini, kisha ishusheni taratibu. Inyanyueni tena na mtoe karatasi. Hesabu miraba iliyochafuka. Sasa toa kiasi cha nusu ya hewa, na mwanafunzi yule yule aketi tena. Fanya kama mwanzo kwa karatasi ya pili.

Alama ipi ni kubwa zaidi? Uzito wa mwanafunzi haukubadilika. Kilichobadilika ni kanieneo ya hewa. Hewa ilipopungua, kila mraba uliweza kubeba uzito mdogo kuliko awali, kwa hiyo ilibidi miraba mingi zaidi iguse chini ili mwenzako abebwe. Ndiyo sababu tairi lenye hewa kidogo hubonyea.

Sasa fikiri juu ya gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na watu waliomo. Magurudumu yake ni manne, basi kila moja hubeba kadiri ya kilo 300. Kama hewa ya tairi hubeba kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, sehemu inayogusa barabara ni sentimita za mraba 150 tu, yaani kama nusu ya ukurasa wa daftari lako. Watu wote waliomo ndani ya gari hilo, wakienda kwa kasi, hushikamana na dunia kwa eneo lisilozidi kurasa mbili za daftari. Dereva akikata kona au akishika breki, kurasa hizo mbili ndizo zinazomwitikia.

Tairi la hewa si la zamani sana. Robert William Thomson wa Scotland aliandikisha uvumbuzi wa namna hiyo mwaka 1845, lakini watu hawakuujali. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, aliandikisha tairi lake, ambalo alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Safari hii watu walijali, kwa kuwa baiskeli zilikuwa zimeenea.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Hewa ndani ya tairi la lori ina kanieneo mara tatu au nne kuliko ya gari dogo. Watoto wengi hupenda kusimama gereji kutazama matairi ya malori yakijazwa. Usisimame karibu. Tairi hilo likipasuka, au pete ya chuma inayolishikilia ikichomoka, huruka kwa nguvu inayoweza kumwua mtu mzima.

Joto lijificha wapi?

Jaribio la 2

Chukua waya mwembamba wa chuma. Ukunje na kuukunjua mahali pamoja mara ishirini kwa haraka, kisha gusa upesi mahali hapo. Unahisi nini? Endelea kuukunja. Mwishowe waya hufanya nini?

Tairi nalo hukunjwa hivyo. Kila gurudumu lizungukapo, sehemu iliyo chini hubonyea kwa uzito, kisha hunyooka ikiinuka. Gurudumu la gari dogo husafiri kama mita 2 katika mzunguko mmoja, basi huzunguka mara 500 katika kilomita moja. Toka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kadiri ya kilomita 190. Tairi hukunjwa mara ngapi? Mara 95,000, nalo halilalamiki. Lakini likiwa na hewa pungufu hukunjwa zaidi ya kiasi, na likibebeshwa mzigo wa kupita kiasi hukunjwa zaidi vile vile. Joto huongezeka ndani yake, mahali ambapo mpira umegandamana na nyuzi na waya. Mpira huanza kuachana na nyuzi. Kwa nje huoni kitu. Kisha, mchana wa jua kali na gari likiwa katika mwendo, tairi hupasuka kwa kishindo.

Wapo madereva ambao tairi likipata moto njiani hulipunguza hewa, wakiamini kwamba hewa nyingi ndiyo itakayolipasua. Ni kweli kwamba hewa ikipata joto kanieneo yake hupanda, na watengenezaji wa matairi huliwekea jambo hilo nafasi. Lakini ukiitoa hewa tairi likiwa na moto, litakapopoa litabaki na hewa pungufu, nalo litakunjwa zaidi na kupata joto zaidi kuliko mwanzo. Dereva mwenye busara hupima hewa asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa geji. Nyundo ya utingo hutambua tairi lililoisha hewa kabisa. Haiwezi kutambua tairi lililopungukiwa moja ya tano. Kwa hiyo nyundo isimfanye mtu auache geji nyumbani.

Tairi la akiba lipimwe pia. Ni tairi linalosahauliwa kuliko yote, nalo ndilo litakaloitwa kazini wakati wa shida.

Kipara na uzee

Ukivaa kandambili zilizolika chini ukapita juu ya sakafu ya saruji iliyomwagika maji, unajua yatakayokupata. Mifereji iliyochongwa katika tairi hufanya kazi ile ile ya mifereji ya kandambili mpya: hupitisha maji pembeni ili mpira uguse barabara. Tairi lililokuwa kipara huweza kushika vizuri barabara kavu, na hapo ndipo linapomdanganya mwenyewe. Mvua ikinyesha na gari likienda kasi, maji hukosa njia ya kutoka, hukaa katikati ya mpira na lami, na gari huelea. Usukani huwa mwepesi, nalo haliendi dereva anakotaka.

Chungulia ndani ya mifereji ya tairi la gari dogo. Utaona vinundu vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Mpira wa juu ukilika mpaka ukalingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha.

Tairi huzeeka hata lisipotembea. Jua na hewa hulikausha likapasuka nyufa ndogo ubavuni, kama udongo wa bwawa lililokauka. Tazama ubavuni mwake utafute tarakimu nne zilizo mwisho wa herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu 3521 zina maana kwamba tairi lilitengenezwa katika juma la 35 la mwaka 2021. Muuzaji anaweza kukuambia kwamba tairi ni jipya. Tarakimu hizo hazina haja ya kuuza kitu.

Mzigo na mahali pake

Lori la tani 7 huchukua magunia 70 ya mahindi, kila gunia likiwa na kilo 100. Hesabu hiyo ni rahisi. Lakini je, kama magunia yamefungwa lumbesa, na kila moja lina kilo 130? Magunia bado ni 70, na anayehesabu ataridhika, lakini mzigo ni kilo 9,100. Kilo 2,100 zimepanda lori bila kuhesabiwa, na matairi pekee ndiyo yanayozijua, hadi lori lifike kwenye mizani.

Mizani haikuwekwa kando ya barabara kuu ili kuwaudhi madereva. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka tani 56 kuwa uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake, na kila ekseli ina kiasi chake. Wataalamu waliopitisha malori katika barabara za majaribio huko Marekani tangu mwaka 1958 hadi 1960 waligundua kwamba uzito wa ekseli ukiongezwa mara mbili, barabara haiharibiki mara mbili, bali kama mara 16. Ukiona lami imefanya matuta na mifereji mahali ambapo malori hupita, sasa unajua ilikotoka.

Uzito si jambo pekee. Mahali mzigo unapokaa pana maana kubwa.

Jaribio la 3

Chukua sanduku tupu la kiberiti na donge la udongo wa mfinyanzi. Weka udongo ndani ya sanduku, upande mmoja. Lisimamishe sanduku wima juu ya ubao, udongo ukiwa chini. Gundisha kijiti mbele yake ili lisiteleze. Inua upande mmoja wa ubao polepole mpaka sanduku lianguke. Pima kimo cha ubao wakati huo. Rudia, safari hii udongo ukiwa juu.

Sanduku lenye udongo juu limeanguka upesi zaidi. Uzito ni ule ule, sanduku ni lile lile, lakini kitovu cha uzito kimepanda. Lori lililopakiwa vitu vizito juu na vyepesi chini ni kama sanduku hilo la pili. Linapokata kona huinama, na likipita kiasi halirudi. Kwa hiyo mifuko ya saruji hukaa chini na magodoro juu. Vitu vizito visirundikwe nyuma kabisa pia, kwa maana magurudumu ya mbele yatapungukiwa na uzito, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza gari.

Mzigo ufungwe kwa kamba imara na kufunikwa turubai. Gari likisimama ghafla, kitu kisichofungwa huendelea na safari yake. Mtu aliyeketi juu ya magunia huendelea nayo pia. Basi ukialikwa kupanda juu ya mzigo, hata kama ni njia ya kutoka shambani tu, kataa kwa heshima.

Katika mlima Kitonga, kwenye barabara iendayo Iringa, utaona malori yakishuka polepole mno, yakinguruma katika gia ndogo. Madereva hao hawaogopi bure. Breki huligeuza gari lililo katika mwendo kuwa gari lililosimama kwa njia ya msuguano, na msuguano huzaa joto. Lori zito likishuka kwa breki peke yake, breki hupata moto mpaka zinakataa kushika. Gia ndogo huifanya injini ilishikilie lori, na breki hupumzika.

Gari linapokwama

Tuseme tairi limepasuka. Dereva mwema hakanyagi breki kwa nguvu. Huushika usukani sawasawa, huacha gari lipunguze mwendo, kisha hulitoa nje ya lami. Hufunga breki ya mkono na kuweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu mazima.

Sasa yafaa magari mengine yaonywe, na kwa umbali gani? Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Sekunde hiyo dereva huitumia kuona na kuamua tu, kabla mguu wake haujakanyaga breki. Gari dogo litahitaji mita 50 au zaidi hadi kusimama, na lori lenye mzigo zaidi ya hapo. Pembetatu ya tahadhari iliyowekwa hatua tano nyuma ya gari haimsaidii mtu. Mtu mzima aipeleke hatua 100, upande wa nyuma na wa mbele, na kama kuna kona, iwekwe kabla ya kona. Wasio na pembetatu hukata matawi ya miti, na kila msafiri huijua lugha hiyo. Lakini matawi hayang'ai usiku. Tena wengi wakishatengeneza gari huondoka na kuyaacha matawi, hata na mawe, katikati ya barabara, wamshtue dereva mwingine saa nane ya usiku. Huo ni uvivu unaoua.

Abiria washuke upande usio na magari, wakae mbali na lami, wala si mbele au nyuma ya gari lililokwama. Mshike mkono mdogo wako. Ikiwa ni ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara hupita katikati ya wanyama kwa kilomita 50 hivi, abiria wasijitenge na gari, na mtu asiingie majanini.

Tazama dereva anavyobadilisha tairi. Hulegeza nati kabla hajainua gari, kwa kuwa ardhi ndiyo inayolizuia gurudumu lisizunguke. Spana yake ina mpini mrefu, maana ni wenzo: mpini ukirefushwa, nguvu ndogo hufungua nati ngumu. Chini ya jeki huweka ubao mpana ili uzito utawanyike na jeki isizame. Hakuna mtu anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Nati hukazwa kwa kuruka, moja na ile inayoikabili, mpaka gurudumu likae sawa.

Lori la mafuta likipinduka mambo hubadilika kabisa. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wengi walikwenda kuchota mafuta kwa madumu na ndoo. Moto ulilipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Petroli hugeuka mvuke bila kuchemshwa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini, hujaa mitaroni na kuwafikia watu walio mbali na lori. Hauonekani. Cheche ya sigara au ya injini ya pikipiki yatosha kuuwasha wote kwa mara moja. Ukiliona lori la namna hiyo, nenda mbali, uelekee upande upepo unakotoka, na umwambie mtu mzima apige simu namba 114 ya zimamoto. Ukiona watoto wenzako wamebeba ndoo, wageuze mrudi pamoja.

Maswali

1. Kwa nini tairi lenye hewa pungufu hupata joto kuliko lenye hewa ya kutosha?

2. Dereva amepima hewa mchana baada ya safari ya saa tatu, akaona geji imepanda. Je, aipunguze? Eleza.

3. Lori la tani 5 limepakiwa magunia 45, kila gunia kilo 125. Limezidishiwa kilo ngapi?

4. Unapakia mifuko ya saruji, mabati, magodoro na vikapu vya mayai katika lori moja. Utavipanga vipi, na kwa nini?

5. Gari liendalo kilomita 72 kwa saa hupita mita ngapi katika sekunde moja?

6. Kwa nini mvuke wa petroli huweza kumfikia mtu aliyesimama mtaroni mbali na lori?

7. Omba ruhusa kwa dereva wa gari lililosimama na injini imezimwa. Soma tarakimu nne za kila tairi, pamoja na la akiba. Lipi ni zee kuliko yote?

8. Pima mzingo wa gurudumu la baiskeli kwa uzi. Kutoka kwenu hadi shuleni, gurudumu hilo huzunguka mara ngapi?